Mwongozo wa barabara wa 1999 unaijua mvua ya Ufipa, haujui baridi yake

Kama umesoma uhandisi ujenzi hapa Tanzania, kuna kitabu hukuweza kukikwepa: Pavement and Materials Design Manual cha Wizara ya Ujenzi, toleo la mwaka 1999. Kama hukusoma uhandisi, umeshapita juu yake mara nyingi tu bila kujua, maana unene wa matabaka yaliyo chini ya basi lako umetoka kwenye majedwali yake au ya wadogo zake. Leo tukisome kama watu wanavyosoma riwaya, tuone kipi kimeandikwa vizuri na kipi kimerukwa. Na tukisome tukiwa uwanda wa juu wa Ufipa, kwa sababu kitabu cha nchi nzima ukitaka kujua uzito wake kipeleke pembezoni.

Tuanze na sifa, na ni za haki. Mwongozo hauhesabu magari, unahesabu ekseli. Ekseli ya kawaida ni kilo 8,160. Uzito wa ekseli nyingine yoyote unaugawa kwa namba hiyo, halafu jibu unalipandisha kwa kipeo cha 4.5. Chukua simu ujaribu mwenyewe. Ekseli ya tani 10 yenye matairi manne, ambayo sheria inairuhusu, inaichosha barabara kama mara 2.5 ya ile ya kawaida. Ya tani 13 inaichosha mara 8. Yaani magunia thelathini ya mahindi ya kilo mia mia, yakiangukia ekseli moja, yamezidisha uharibifu zaidi ya mara tatu. Wazo hili la kipeo lilizaliwa kwenye jaribio la AASHO huko Ottawa, Illinois, kati ya 1958 na 1960, ambako malori yalizungushwa juu ya vipande vya barabara mpaka barabara zikachoka.

Rukwa hesabu hiyo sio ya darasani. Mahindi yakishavunwa, malori yanapanga safari kuelekea Tunduma. Barabara ya Tunduma hadi Sumbawanga, zaidi ya kilomita 220, iliwekwa lami kwa fedha za MCC ya Marekani, kama sehemu ya mkataba wa dola milioni 698 uliosainiwa Februari 2008. Ikiharibika kabla ya wakati wake, nauli ya gunia inapanda, na anayeilipa ni mkulima wa Laela kupitia bei anayopewa shambani.

Sifa ya pili ni maji. Mwongozo umeigawa nchi katika kanda tatu, kavu, ya wastani na ya mvua, kwa kuangalia ni miezi mingapi mvua inazidi kiasi kinachopotea kwa mvuke. Kanda ndiyo inaamua udongo upimwe nguvu ukiwa na unyevu gani: ule wa kushindiliwa, au ukiwa umeloweka siku nne ndani ya maji. Huu ni uandishi wa watu waliokanyaga tope. Nani ameshinda Ufipa mwezi wa Februari akabisha kwamba adui wa kwanza wa barabara ni maji?

Ila angalia tena hizo kanda. Zote tatu ni za maji. Joto halina kanda yake.

Lami yenyewe huchaguliwa kwa daraja la sindano. Unaipasha lami mpaka nyuzi 25, unaweka juu yake sindano yenye uzito wa gramu 100, unaiachia sekunde 5, unasoma imezama kiasi gani. Ikizama kati ya milimita 6 na 7, hiyo ni 60/70. Ni kipimo rahisi na cha bei nafuu, na kila maabara inacho. Lakini kinaiuliza lami swali moja, kwenye joto moja. Lami mbili zinaweza kujibu sawa kwenye nyuzi 25, halafu moja ikalegea mchana wa Oktoba na nyingine ikakakamaa usiku wa Julai, Sumbawanga inapovaa makoti.

Wamarekani waliliona tatizo hili, na kati ya 1987 na 1993 wakafanya utafiti mkubwa uliozaa utaratibu unaoitwa Superpave. Humo lami inapewa daraja kwa joto la barabara itakakotumika: 52, 58, 64, na kuendelea kwa hatua za nyuzi sita. Mlinganyo wao wa mwanzo unachukua joto la hewa la siku za joto kali pamoja na latitudo, unakupa joto la barabara milimita 20 chini ya uso. Nimeweka nyuzi 27 kwa Sumbawanga na 33 kwa Dar es Salaam, namba za mfano tu. Sumbawanga imetoka karibu 50, Dar es Salaam 55. Kabla hata hujaongeza tahadhari ya malori mazito na yaendayo polepole, miji hii miwili imeshaangukia madaraja tofauti, 52 na 58. Kwa kanda za maji pekee, tofauti hii haionekani.

Hapa ndipo wenzangu wengi hushangilia na kusema tuhamie Superpave kesho asubuhi. Mimi nasita. Ule mlinganyo ulitokana na barabara za Amerika Kaskazini, na mwinuko haumo ndani yake. Unaingia kwa mlango wa nyuma tu kupitia joto la hewa. Upande wa baridi ndio hautusaidii kabisa: daraja la baridi lililo laini kuliko yote ni nyuzi 10 chini ya sifuri, kwa hiyo Ufipa, Tanga na Kigoma zote zinaingia kapu moja.

Halafu kuna jambo ambalo halisemwi sana. Vipimo vipya vinavyopendwa, kama lile gurudumu linalopita maelfu ya mara juu ya bamba la lami kuona litabonyea kiasi gani, vimetengenezwa kwa lami nzito iliyochanganywa kiwandani. Barabara nyingi za mikoani kwetu zina lami ya kumwagiwa, na kokoto juu yake. Hapo kinachobeba lori ni matabaka ya chini. Kazi ya lami ni kushika kokoto na kuziba maji yasipite. Akikuuliza mtu kama lami hiyo itabonyea, amekosea swali. Swali ni itazeeka lini.

Na kuzeeka ndiko kunakonitia wasiwasi kule juu. Mionzi ya urujuanimno huongezeka kwa takriban asilimia 10 kila unapopanda mita 1,000, na Sumbawanga iko juu sana ya mita 1,000. Lami iliyozeeka inakauka na kupasuka, kokoto zinaachia, mvua ya Novemba inaingia, na ule udongo uliopimwa kwa uangalifu wote ule unalowa. Superpave inazeesha lami maabara kwa joto na hewa ya shinikizo kwa saa 20. Jua halimo! Kwa hiyo hata kipimo cha kisasa kingeiacha Ufipa na swali lake.

Ukisafiri njia hiyo, chungulia dirishani. Nyufa zinazofanana na magamba ya mamba, zikiwa kwenye mapito ya matairi tu, ni dalili kwamba matabaka ya chini yamechoka: uzito, maji, au vyote. Nyufa zilizotawanyika mpaka pasipopitwa na tairi, na kokoto zilizolala pembeni, zinaelekeza kwenye uzee wa lami. Mwongozo umejiandaa vizuri kwa zile za kwanza.

Afrika Kusini haikunakili Superpave ilivyo, ilitengeneza toleo lake la madaraja ya lami. Sisi tungeanza na kitu kidogo zaidi: vipimajoto vichache vilivyofukiwa ndani ya lami kati ya Laela na Sumbawanga, visomwe mwaka mzima, na vipande vya lami vikatwe kila baada ya miaka miwili vipimwe vimekakamaa kiasi gani. Mwanafunzi mmoja wa uzamili anaweza kuifanya kazi hiyo.