FreeBSD kwenye arm64: Kikwazo Hakikuwa Kompaila

Kinyozi hajinyoi, na prosesa mpya haiwezi kujijengea mfumo endeshi wake wa kwanza. Kazi hiyo hufanywa na mashine nyingine: kompaila hutafsiri msimbo uwe maelekezo ya prosesa ngeni, kisha linka huviunganisha vipande vyote kuwa programu moja. Kwa hiyo mradi wa mfumo endeshi wa FreeBSD ulipoanza kuhamia kwenye prosesa za ARM za biti 64 (arm64), ambazo usanifu wake ulitangazwa mwaka 2011, ilibidi suala la zana litatuliwe mapema.

Kwa desturi, FreeBSD hubeba zana zake ndani ya msimbo wake. Amri moja hujenga kwanza kompaila na linka, halafu hizo ndizo zinazojenga mfumo mzima. Tatizo ni kwamba zana hizo zilikuwa zimechakaa. Mwaka 2007 GCC, kompaila ya mradi wa GNU, ilihamia kwenye leseni ya GPLv3, ambayo mradi haukutaka iingie katika mfumo wake wa msingi. Ukabaki na GCC 4.2.1 pamoja na Binutils 2.17.50, furushi lenye linka na asembla (zana inayogeuza lugha ya asembli kuwa msimbo wa mashine), zote za kabla ya arm64. GCC yenyewe ilianza kuijua arm64 katika toleo la 4.8, mwaka 2013.

Kuipachika arm64 kwenye GCC ile kuukuu kungekuwa kufufua zana ambayo watunzaji wake walishaiacha. Kutegemea GCC mpya kutoka nje kungevunja desturi ya mfumo kujijenga kwa zana zake. Clang, kompaila ya mradi wa LLVM, ilikuwa na leseni inayokubalika, asembla yake imo humohumo, na tangu FreeBSD 10.0 ya Januari 2014 ndiyo iliyokuwa kompaila ya kawaida kwa prosesa za x86 na ARM. Ikachaguliwa.

Hata hivyo, Clang haikuleta linka. FreeBSD 11.0 ilipotoka Oktoba 2016 ikiwa na arm64, aliyetaka kuijenga mwenyewe alilazimika kwanza kusakinisha Binutils mpya kutoka nje. Pengo hilo lilizibwa baadaye na LLD, linka ya mradi huohuo wa LLVM.

Matokeo yalionekana katika FreeBSD 13.0, Aprili 2021. Arm64 ilipandishwa hadi daraja la kwanza la usaidizi, na GCC 4.2.1 ikawa imeondolewa kabisa. Iliondoka pamoja na usaidizi wa prosesa za sparc64, ambao bado uliitegemea na haukuwa na mpango wa kuhamia kwenye zana nyingine.

Uamuzi wa kuchagua Clang ulikuwa sahihi, ila ulikamilika pale tu linka ilipopatikana. Anayehamisha mfumo endeshi leo akague mnyororo mzima: kompaila, asembla na linka, leseni ya kila kimoja, na kama kuna watu wanaoendelea kukitunza. Prosesa isiyo na zana zinazotunzwa haina maisha marefu ndani ya mfumo wowote.