Hongera, wavuvi wa samaki hai

Hapa Musonoi mto umebeba tope la mgodi miaka mingi. Kwa hiyo samaki wa kutazama kwa raha tunamweka ndani ya tangi la kioo. Wangu ni tetra wa Kongo, aliyeelezwa kisayansi na Boulenger mwaka 1899. Dume hufika sentimita 8. Mkiani ana ncha kama unyoya uliochanika, na ubavuni buluu na dhahabu hupokezana akipita penye mwanga. Hagombani na mtu. Hujibanza kwenye anubiasi, mmea wa mito yetu. Pongezi kwa wanaomtoa mtoni bila kumpotezea gamba, wakamfunga katika mfuko wa plastiki: maji theluthi, hewa theluthi mbili. Kuvua samaki wa kitoweo ni rahisi zaidi.