Kugonga Bodi Baada ya Steji

Abiria wa barabara ya Jogoo jijini Nairobi wana sheria moja ambayo haijaandikwa popote: anayeshuka steji ya Hamza husema kabla gari halijafika Hamza. Makanga akichelewa kugonga bodi, dereva atasimama pabaya, honi zitalia nyuma yake, na abiria atarudi kwa miguu akinung'unika. Breki zenyewe zinaweza kuwa nzuri sana. Hazisaidii kitu.

Usiku wa kuamkia Jumatatu, Aprili 29, 2024, Wizara ya Elimu iligonga bodi steji ikiwa imeshapitwa. Saa chache kabla ya muhula wa pili kuanza, Waziri Ezekiel Machogu alitangaza kwamba shule hazingefunguliwa siku hiyo bali Mei 6, kwa sababu ya mafuriko. Waliomtetea walisema bora kuchelewa kuliko kutofanya kabisa, na kwamba usalama wa mtoto hauna saa. Nami nasema una saa, tena saa yake ilikuwa Ijumaa.

Tuuchambue uamuzi huu kama fundi anavyochambua injini. Kwenye karatasi za wizara, shule hufunguliwa Jumatatu asubuhi. Kwa mzazi wa Umoja au Kayole ambaye mwanawe yuko shule ya bweni magharibi mwa nchi, shule hufunguliwa Jumamosi. Siku hiyo ndiyo ya kununua sabuni, dawa ya meno, majani ya chai na ile karatasi ya chooni inayoandikwa kwenye orodha kana kwamba mtoto anaenda kufungua hoteli. Jumapili jioni sanduku la bati linapandishwa mkokoteni hadi stendi ya mabasi ya Machakos hapa jijini, godoro juu yake, na nauli inalipwa. Kufikia saa tatu usiku mtoto ameondoka. Tangazo linalotoka usiku wa manane halimzuii mtu huyo kutoka nyumbani, kwa sababu hayuko nyumbani. Linamkuta njiani.

Mpwa wangu alikutwa njiani. Aliondoka Jumapili kwa basi la saa tatu la kwenda Kisii, likapita Mai Mahiu kabla ya saa sita. Alfajiri hiyohiyo, maji yaliyokuwa yamekwama nyuma ya tuta la reli yalifyatuka huko Mai Mahiu, yakafagia nyumba na kuua makumi ya watu waliokuwa wamelala. Sisi hatukujua lolote. Saa kumi na mbili na nusu simu ililia.

"Anko, askari amesema tusishushe masanduku."

"Kwa nini?"

"Ati tumefunga."

Walikuwa hawajafungua. Alirudi kesho yake kwa kuzungukia Nakuru, kwa nauli ya pili, sanduku likiwa na kitasa kilichovunjika. Nilipomwambia dadangu kwamba gari lilipita pale saa chache tu kabla ya maji, aliketi chini jikoni na hakusema kitu mpaka chai ikapoa.

Utauliza kama wizara ingeweza kujua. Hapa ndipo ninapokosa subira. Jumatano ya wiki iliyotangulia, Aprili 24, Mathare ilikuwa imezama. Nchi nzima iliona watu wakiwa juu ya mabati wakisubiri kuokolewa. Idara ya Hali ya Hewa ilikuwa imeonya mapema kwamba mvua za masika zingezidi wastani. Kati ya Jumatano na Jumapili kuna siku nne za kukaa mezani na kusema jambo moja: msisafiri. Badala yake siku zile zote msimamo ulibaki kwamba kalenda ni kalenda, na kalenda ikashikiliwa hadi masanduku yakawa barabarani.

Kuna jambo la kiufundi ambalo wakubwa wa upande wa magharibi wa jiji hawalielewi kwa sababu maji huwapita wakiwa wamelala. Nairobi imeinama. Mto Nairobi unatoka kwenye kinamasi cha Ondiri kule Kikuyu, unateremka katikati ya jiji, unatuletea sisi wa mashariki kila kitu kilichotupwa njiani. Huko juu udongo ni mwekundu, unakunywa maji. Huku kwetu, kuanzia Donholm hadi Njiru, ni ule udongo mweusi unaonata kwenye viatu, ambao ukishiba kidogo hufunga mdomo na maji yote hubaki juu. Kwa hiyo anga ya Buruburu inaweza kuwa kavu, watoto wanacheza mpira, na mto ukafurika kwa mvua iliyonyesha Kikuyu na Limuru. Mtu anayeamua kutoka au kukaa ndani kwa kuchungulia dirishani tayari amekosea. Na wizara, kwa ninavyoona, ilichungulia dirishani, tena dirisha la jengo lililo upande wa mlima.



Wanaotaka mfano wa kazi iliyofanywa vizuri, warudi Machi 15, 2020. Ilikuwa Jumapili, siku mbili tu baada ya mgonjwa wa kwanza wa korona kutangazwa nchini. Rais Uhuru Kenyatta alizifunga shule, lakini sikilizeni jinsi alivyozifunga: za kutwa zisimame kesho yake Jumatatu, za bweni ziwe zimewarudisha watoto nyumbani kufikia Jumatano, vyuo vikuu kufikia Ijumaa. Mnaona ngazi hiyo? Aliyeandika tangazo lile aliwahi kusimama kwenye stendi ya mabasi, au alimuuliza mtu aliyewahi. Alijua mtoto wa bweni hawezi kufika Busia kwa kuambiwa tu "nenda". Profesa George Magoha, mwenye wizara wakati huo, alikuwa na ulimi mkali na mambo yake mengine sikuyapenda, lakini akisema siku, wazazi waliiandika kwa kalamu. Siku hizi tunaandika kwa penseli.

Najua jibu: mwaka ule shule zilikaa zimefungwa miezi mingi, na watoto wengine hawakurudi kamwe. Kweli. Mimi nazungumzia ufundi wa kutoa amri. Hata marehemu John Michuki, aliyelazimisha matatu kufunga mikanda na vidhibiti mwendo mwaka 2004, alitangaza kwanza, akawapa wenye magari muda, wakamdharau, siku ikafika akawabana. Mji mzima ulitembea kwa miguu, na hakuna aliyeweza kudai hakuambiwa.

Lawama hizi si za kila mtu: wanajeshi, Msalaba Mwekundu na vijana wa mitaa waliovuta watu kwa kamba kule Mathare na Mukuru walifanya kazi yao vizuri.

Nirudi kwenye tangazo, maana kasoro yake ya pili ilifichwa na ya kwanza. Wiki moja. Kwa nini wiki moja? Mvua haikuwa imeahidi kuondoka Jumapili iliyofuata. Baadhi ya shule zilikuwa zimejaa familia zilizofurushwa na maji, madawati yamesukumwa ukutani, sufuria kwenye ubao. Wiki moja ilikuwa tarakimu ya kumtuliza mzazi. Ijumaa, Mei 3, idadi ya waliokufa ikiwa imepita 200 na kimbunga Hidaya kikikaribia pwani ya Tanzania, Rais William Ruto akaahirisha tena, mara hii bila tarehe. Alau aligonga bodi Ijumaa. Kisha Mei 8 tukaambiwa shule zifunguliwe Mei 13. Matangazo matatu ndani ya siku kumi kwa safari ileile moja.

Hili si geni. Oktoba 2023 tuliambiwa kutoka juu kwamba El Nino haitakuja, watu wakapumua, kisha mvua ikaua zaidi ya mia moja kabla ya mwaka kwisha. Mtu akidanganywa na mawingu husamehe. Akidanganywa na kipaza sauti, hukumbuka.

Binamu yangu anayeishi Minnesota hucheka nikimweleza haya. Kwao barafu ikimwagika usiku na barabara kuwa kioo, ujumbe wa shule kufungwa huja jioni iliyotangulia, au alfajiri kabla basi la shule halijawashwa. Halafu watu wanakaa ndani, basi. Mimi humjibu kwamba sisi barafu tuliiona Nyahururu, Septemba 2008, mvua ya mawe ilipofunika kilima kizima kikawa cheupe, na badala ya kujifungia watu walitoka mbio kuishika na kuionja. Hatukuumbwa kukaa ndani. Mtu wa Kayole akikaa ndani siku moja, jioni hakuna unga. Ndiyo maana neno la kumwambia akae lazima limfikie mapema, kabla hajalipa nauli, kabla hajakopa ya kununulia sabuni.

Jumapili ya Mei 12 tulifunga sanduku mara ya pili, kitasa kikiwa kimefungwa kwa waya. Basi lilikuwa lilelile, la saa tatu. Dadangu aliikalia kamba ya godoro, akasema hafungi kitu mpaka taarifa ya habari ya saa tatu iishe. Nilimweleza kwamba safari hii tarehe ilitangazwa tangu Jumatano, siku tano kamili kabla ya shule kufunguliwa, kama inavyotakiwa. Akaniangalia, akaongeza sauti ya televisheni. Taarifa iliisha bila waziri. Basi lilikuwa limeshatoka.