Stephen King na wasomaji wake: anatufundisha kumwogopa nani?

Waseminari wawili walitujia siku moja na kitabu kilichosomwa mpaka jalada lake limetoka. Kilikuwa hadisi ya Stephen King, mwandishi wa Marekani, iliyogeuzwa katika Kifransa. Wa kwanza alisema: «Padri, mtu huyu anachekelea upadri.» Wa pili akajibu: «Sivyo, Padri, ni hubiri juu ya imani, tena kubwa kuliko mengi tuliyosikia.» Tukawaomba watuachie kitabu. Tumekisoma, na vingine vya mwandishi yule yule, tena tumeangalia wasomaji wake wanasema nini. Maneno yafuatayo ni jibu letu kwa wale wawili, na kwa kila padri ao katekista anayeulizwa na vijana kama vitabu vya kutisha ni halali.

I. Mwandishi na maoni ya wasomaji

Stephen King alizaliwa mwaka 1947 katika mji wa Portland, jimbo la Maine, kaskazini-mashariki ya Marekani. Alilelewa katika dini ya Wametodisti. Alikuwa mwalimu wa shule, maskini, alipoandika kitabu chake cha kwanza, Carrie, kilichotolewa mwaka 1974. Tangu siku zile ameandika hadisi ndefu zaidi ya 60, na nyingi zimetiwa katika sinema. Wasomaji wake huwaandikia maneno machache mwanzoni ao mwishoni mwa kitabu, kama rafiki kwa rafiki.

Wasomaji hao hawasemi neno moja. Tumewagawa katika makundi manne.

Kundi la kwanza ni wenye elimu wanaomzarau. Mwaka 2003 Wamarekani walimpa King nishani ya heshima ya National Book Foundation kwa kazi yake katika vitabu vya inchi yao. Harold Bloom, profesa wa Yale aliyejulikana sana, alipinga kwa ukali katika gazeti. Kwa maoni yake mtu huyu hakustahili hata kidogo, wala kwa luga wala kwa mawazo.

Kundi la pili ni wapenzi. Hao hawasifu sana mizimu yake. Wanasifu watu wake. Mama wa nyumbani, mwalimu, mlevi, mtoto asiyethubutu kuzima taa: King anawajua wote, na kitisho kinaingia kwake kwa mlango wa nyumba ambayo msomaji anaitambua. Katika The Shining (1977), baba wa jamaa anapewa kazi ya kulinda hoteli tupu wakati wa baridi. Pepo za mahali pale zinamshinda kwa sababu ulevi na hasira vimekwisha kufungua mlango ndani yake. Katika Pet Sematary (1983), mganga hawezi kukubali kifo cha mtoto wake, anamzika mahali panaporudisha wafu, na kinachorudi si mtoto tena. Mtu aliyefiwa hahitaji maelezo ili afahamu kitabu kile.

Kundi la tatu wanapenda na kulalamika. Wanasema: mwanzo ni mzuri, katikati ni pazuri, mwisho unavunjika. Mfano wanaoutaja mara nyingi ni The Stand (1978), ambamo ugonjwa unamaliza karibu watu wote wa dunia. Wanaobaki wanagawanyika, wengine wema, wengine wabaya. Baada ya kurasa mamia na mamia, mkono wa Mungu unaonekana mbinguni, bomu linapasuka, na wabaya wanaisha mara moja. King anajua vizuri kwamba msomaji anaweza kuwa bwana mkali: katika Misery (1987), mwanamke mmoja anamfunga mwandishi nyumbani mwake na kumtesa, kwa sababu amemwua katika kitabu mtu ambaye yeye alimpenda.

Kundi la nne ni watu wa dini wanaosema: vichomwe vyote.

Kwa Bwana Bloom tunajibu kwa kifupi. Kitabu kinachosomwa na watu wengi si kitabu kibaya kwa sababu hiyo, wala si kizuri kwa sababu hiyo. Tena, kuonyesha Shetani katika hadisi si aibu kwa mwandishi: Bernanos alifanya hivyo katika Sous le soleil de Satan (1926), na maseminari yetu yanakitunza katika biblioteki.

Kwa kundi la nne tunajibu kwa heshima zaidi, kwani wanaogopa juu ya roho za watu. Tangu mwaka 1966 orodha ya vitabu vilivyokatazwa haina tena nguvu ya sheria katika Eklezya. Lakini zamiri ya mkristu haikuondolewa kazi siku ile, iliongezewa. Na mambo ya kukataza yapo. Katika It (1986) kuna mahali pamoja pa uchafu kati ya watoto ambapo hata wapenzi wa King wanaona haya. Kitabu kingine, Rage (1977), kilihusu mvulana anayeua katika shule. Baada ya vijana kufanya mauaji ya namna hiyo kweli, na kitabu kuonekana kati ya vitu vyao, mwandishi mwenyewe alikiondoa kisichapwe tena. Hakukubali kwamba kitabu kiliwafanya wauaji. Alikubali kwamba kinaweza kumsukuma aliye mgonjwa tayari. Basi, anayesema kwamba kitabu hakiwezi kumzuru mtu, King mwenyewe hayuko pamoja naye.

II. Padri Callahan na msalaba wake

Tuje sasa kwa kitabu kilicholetwa na waseminari wetu, 'Salem's Lot, cha mwaka 1975. Mnyonya damu anayeitwa Barlow anafika katika mji mdogo wa Maine. Usiku kwa usiku wenyeji wanakufa na kuamka, na kila anayeamka anawatafuta jamaa zake. Hadisi inatoka wazi katika Dracula (1897) ya Bram Stoker, lakini Stoker hakuwa na Padri Callahan.

Padri huyu ni mtu wa umri, anapenda pombe, na amechoka. Anatamani vita kubwa na Uovu, lakini katika kiti cha kitubio anasikia tu zambi ndogo ndogo zile zile za kila juma. Mwishoni vita inamjia. Barlow ameshika mtoto. Padri anainua msalaba, nao unawaka mwanga. Barlow anamwambia: nitamwachilia mtoto, wewe utupe msalaba, tupigane, imani yako na imani yangu. Mtoto anaachiliwa. Padri anaangalia msalaba na hawezi kuutupa. Anaushika kwa nguvu zaidi, na katika kushika kule mwanga unazimika. Barlow anauchukua mkononi mwake kama kijiti na kuuvunja. Kisha anamlazimisha kunywa damu yake. Padri anarudi kwa kanisa lake, anagusa mlango, na mlango unamchoma. Anapanda bisi na kwenda mbali.

Mseminari wa kwanza alisema: hapa padri anachekelewa. Wasomaji wengi wakatoliki walisema vile vile. Sisi tunaona kwamba mwandishi hakucheka. Ametuonyesha jambo tunalolijua katika parokia zetu. Ni wangapi wanaovaa medali kama dawa? Ni wangapi wanaobeba maji ya baraka ili kumwagia mlango wa jirani, na Missa hawaendi? Callahan alikuwa padri, lakini saa ile msalaba ulikuwa hirizi mkononi mwake. Alitegemea mti, akamsahau Aliyetundikwa juu yake. Wa pili alikuwa na haki: ni hubiri, tena linatupiga sisi mapadri kwanza.

Lakini hubiri hili linahitaji kurekebishwa mara mbili.

Kwanza, mtu asisome hapa kwamba sakramenti zinategemea imani ya padri. Agostino Mtakatifu alipinga jambo hilo mbele ya Wadonatisti: padri akiwa mtakatifu ao mwenye zambi, anayebatiza ni Kristu. Mtaguso wa Trento ulilisabitisha mwaka 1547. Kama Callahan angebatiza mtoto usiku ule, mtoto angekuwa amebatizwa kabisa. Msalaba wa mbao si sakramenti, ni kisakramenti: unasaidia kwa sala ya Eklezya na kwa moyo wa anayeutumia. Katika neno hili King hakukosa mbali.

Pili, na hili ni zito, kwa King imani inafanana na taa ya mkononi: ikiwa na nguvu inaangaza, ikiisha imekwisha. Sisi tunafundisha kwamba imani ni zawadi, na mwenye kuipoteza anaweza kuirudishiwa. Petro alimkana Bwana mara tatu, wala mlango haukumchoma. Wasomaji wanalalamika juu ya miisho ya King kwa sababu ya ufundi. Sisi tunalalamika juu ya mwisho huu kwa sababu ya matumaini. Kanisa ambalo mlango wake unamchoma mwenye zambi anayerudi usiku akilia, hilo si kanisa la Yezu Kristu. Graham Greene alionyesha vizuri zaidi katika The Power and the Glory (1940): padri wake ni mlevi kuliko Callahan, ana mtoto, ana hofu, na neema haimwachi mpaka kifo.

Lazima tuseme pia kwamba mwandishi alirudi. Karibu miaka 30 baadaye, katika Wolves of the Calla (2003), Callahan anaonekana tena. Alilewa, aliwahudumia wasio na makao katika New York, aliacha pombe. Katika The Dark Tower (2004) anasimama tena mbele ya wanyonya damu, na tena wanamwambia autupe msalaba. Safari hii hashituki. Anautia ndani ya shati, na mwanga unabaki. Wasomaji wengi waliofuata hadisi yake tangu mwanzo walifurahi sana, na sisi pia. Lakini mara, alipoumwa, anajiua kwa bunduki ili asigeuzwe kuwa kama wao. Tunafahamu woga wake. Kusifu tendo lile hatuwezi.

III. Anatufundisha kumwogopa nani?

Tunafika kwa neno ambalo hakuna kundi kati ya yale manne tuliyesikia likilisema.

Katika hadisi za kutisha kuna sheria moja isiyoandikwa: anayesadiki uvumi anapona, anayeuliza ushuhuda anakufa. Katika 'Salem's Lot, mwenye akili ni yule anayekubali upesi kwamba jirani yake si mtu tena, na kwamba lazima achomwe mti kifuani. Msomaji wa Maine anafunga kitabu, anacheka kidogo, analala. Anajua kwamba wanyonya damu hawako. Hofu yake ilikuwa mchezo.

Lakini kwetu hofu ya namna ile haiishi na ukurasa wa mwisho. Katika miji yetu watoto wameitwa walozi na jamaa zao wenyewe, wakapigwa, wakanyimwa chakula, wakafukuzwa mpaka barabarani. Na mara nyingine aliyewashitaki alikuwa na Biblia mkononi. Sheria ya inchi ya mwaka 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inakataza kabisa mashitaka hayo. Katika hadisi, aliyesadiki uvumi ameokoa mji. Katika maisha, aliyesadiki uvumi ametesa mtu asiye na kosa. Basi, mtu aliyekwisha kusadiki kwamba mtoto wa ndugu yake anakula watu usiku, ukimpa 'Salem's Lot, unampa nini? Karibu ruhusa.

Na ajabu ni hii: dawa iko kwa King mwenyewe, katika kitabu chake cha kwanza. Carrie ni msichana ambaye mama yake anasali kutwa, anamfungia katika kabati ili atubu, anamwita mlozi, na mwishoni anataka kumwua kwa kisu kwa jina la Mungu. Shuleni wenzake wanamchekelea mpaka anageuka moto na kuharibu mji. Wengi walikisoma ili waone moto. Sisi tuliona kabati. Mwandishi anamhurumia mtoto, na kitisho cha kweli katika nyumba ile ni mama anayesali bila mapendo. Kuna wahubiri ambao tungependa kuwasomea kurasa zile kwa sauti kubwa.

Kwa hiyo, tunapopima kitabu cha namna hii, tusiulize tu: kinatisha? Wala tusiulize tu: mwisho ni mzuri? Tuulize: kinatufundisha kumwogopa nani? Kikitufundisha kuogopa ubaya ulio ndani yetu, kama ulevi wa yule baba ao imani ya midomo ya Callahan, kimetenda kazi ambayo hata mafungo hutenda. Kikitufundisha kumwogopa jirani na mtoto, tukiweke chini.

Kwa waseminari wakubwa wanaojua teolojia: wasome, na wajadiliane na padri wao. Kwa wakatekista: wasikitoe kwa vijana bila kukaa nao na kuongea. Kwa watoto: hapana.

Na kwa wale wawili tunarudisha kitabu chao. Wa kwanza akisome tena kwa huruma zaidi. Wa pili, siku atakapowekewa mikono, akumbuke Callahan, na akae karibu na mlango wa kanisa usiku, ili anayerudi aukute wazi.