Mililita 20 kwa Lita

Injini ya msumeno wa mnyororo haina pa kuweka oili yake. Gari lina sampu, pikipiki ya bodaboda ina sampu, jenereta la dukani lina kijiti cha kupimia. Msumeno hauna, kwa sababu mkataji huulaza ubavu anapokata shina chini, huusimamisha anapopunguza matawi, na kuna wakati huupindua kabisa. Oili iliyotulia chini ya injini ingekimbilia upande mmoja na kuziacha beringi zikavu. Basi kila tone la kulainisha husafiri ndani ya petroli. Mchanganyiko ukitoka kwenye kabureta huingia kwanza chini ya pistoni, kwenye chumba cha krenki. Humo petroli hugeuka mvuke upesi, na oili, ambayo ni nzito zaidi, hubaki matone madogo yanayotanda kwenye beringi, kwenye pini ya pistoni na kwenye ukuta wa silinda. Kisha nayo hupanda, huungua, hutoka kwa ekzosi. Hairudi tena. Nyuma yake lazima ije nyingine, na isipokuja, mashine inayozunguka mara 12,000 au zaidi kwa dakika haisubiri.

Ndiyo maana katika vikosi vya wakataji wa nyanda za juu za Mufindi, kwenye misindano na milingoti ya Sao Hill, mtu ninayemheshimu kuliko wote ni yule anayechanganya mafuta. Kuangusha mti kunaonekana na kila mtu, na anayeangusha vizuri husifiwa. Anayechanganya huinama juu ya dumu asubuhi, hupima, hutikisa, huandika kwa makaa ubavuni mwa dumu, na hakuna anayemtazama. Kazi yake ikiwa nzuri, kinachotokea ni kwamba hakuna kinachotokea: misumeno inawaka, inakata, inazimwa jioni.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Hamsini kwa moja maana yake mililita 20 za oili kwa lita moja ya petroli. Arobaini kwa moja ni 25. Ishirini na tano kwa moja ni 40. Ugumu uko kwenye mkono. Mwenye kupimia kwa kizibo akikosea mililita 5 katika lita moja, ameweka 15 badala ya 20, na uwiano wake umeruka hadi karibu 67 kwa 1. Akikosea mililita 5 hizohizo katika lita tano, bado yuko kwenye 53 kwa 1, na injini haitajua. Kwa hiyo fundi mzuri huchanganya lita tano kwa mara moja, si lita mojamoja. Kichupa kidogo cha mililita 100 kinachouzwa madukani kimekusudiwa dumu hilo. Asiye nacho hununua sirinji ya mililita 20 duka la dawa, na sijaona kipimo cha bei ndogo kilicho sahihi kuliko hicho. Petroli nayo hupimwa kwa mita ya pampu, kwa sababu dumu linaloitwa la lita tano likijazwa hadi shingoni mara nyingi hubeba zaidi. Kijijini ambako petroli huuzwa kwenye chupa za maji za lita moja na nusu, kipimo ni mililita 30 kwa chupa, na kabla ya kipimo chochote huja pua: petroli iliyoongezwa mafuta ya taa hunusika, nayo huufanya moto ndani ya silinda ulipuke vibaya hata oili ingekuwa bora kiasi gani.

Namna ya kumimina pia ina utaratibu wake. Nusu ya petroli kwanza, kisha oili yote, dumu litikiswe, ndipo petroli iliyobaki imalizie na kutikiswa tena. Watengenezaji hutia oili hii rangi, nyekundu, kijani au buluu, ili mtu aone kwa macho kwamba dumu hili tayari lina oili na lile bado. Wachanganyaji wazuri hawaamini rangi peke yake. Hutikisa dumu kila wanapojaza tanki, hata kama walitikisa saa moja iliyopita.

Lakini kabla ya kipimo kuna chaguo la oili, na hapa ndipo akili ya fundi inapoonekana zaidi. Nadhani watu hubishana kuhusu uwiano kwa sababu ni namba, wakati aina ya oili ndiyo inayoamua zaidi. Maduka yetu yamejaa oili ya 4T, yaani ya injini za mapigo manne kama ya bodaboda. Hiyo imetengenezwa ikae ndani ya sampu miezi, na viungo vyake vya madini vikiungua huacha majivu kwenye kichwa cha pistoni na kwenye plagi. Inayotakiwa ni 2T, ya injini za mapigo mawili kama ya msumeno. Hata 2T si moja. Pwani, Tanga au Kilwa, mvuvi mwenye injini ya boti hununua yenye alama TC-W3, nayo ni oili safi sana kwa kazi yake, kwani injini ile hupozwa kwa maji. Silinda ya msumeno hupozwa kwa upepo wa feni na mapezi ya alumini tu, ina joto kubwa zaidi, na oili ile haikuandaliwa kwa joto hilo. Mkataji anatafuta kopo lenye alama za JASO: FB ni ya kawaida, FC ina moshi mdogo, FD huacha masizi machache zaidi kwenye joto kali. Alama ya ISO EGD ina maana inayokaribiana na FD. Yote haya yameandikwa kwa herufi ndogo nyuma ya kopo, na nimefurahi kila nilipomwona mtu akiligeuza kopo kabla ya kuuliza bei.

Vitabu vya mashine vyenyewe hufuata mantiki hii. Stihl husema 50 kwa 1 kwa oili yao, na vitabu vyao vingi vimesema 25 kwa 1 kwa oili nyingine. Husqvarna husema 50 kwa 1 kwa yao, 33 kwa 1 kwa nyingine. Kampuni inaijua oili yake. Ya mwingine haiijui, kwa hiyo inaongeza kiasi kwa tahadhari. Anayechukua oili ya bei rahisi na kuitumia kwa 50 kwa 1 amechukua nusu ya maelekezo.

Je, kuongeza zaidi si salama zaidi? Jibu la swali hili ndilo lililonifanya niipende kazi hii. Lita moja ya mchanganyiko wa 50 kwa 1 ina petroli mililita 980 hivi. Ya 25 kwa 1 ina 962 hivi. Tundu la kabureta linapitisha ujazo uleule, kwa hiyo oili ikiongezeka, petroli inayofika silinda imepungua karibu asilimia 2, hewa ikiwa ileile. Moto unakuwa mkavu zaidi na mkali zaidi. Anayeongeza oili kwa nia njema bila kugusa skrubu ya H, ile ya kabureta inayopima petroli kwenye resi kubwa, anaweza kuiongezea mashine joto. Mchanganyiko na kabureta ni kitu kimoja, na kabureta haiwezi kurekebishwa kwa mafuta yanayobadilika kila siku. Misumeno mipya yenye kabureta inayojirekebisha kwa umeme imepunguza shida hii, lakini mingi iliyoko msituni si hiyo.

Hapo ndipo mlima nao unapoingia. Mafinga iko juu ya mita 1,700, hewa yake ni nyepesi, na skrubu hukazwa kidogo ili petroli isizidi. Msumeno huohuo ukiteremshwa Kilombero kwenye mitiki, hewa inakuwa nzito na petroli inakuwa pungufu. Mkataji aliyezoea husikia: msumeno ukipigwa resi bila kukata unatakiwa uwe na kigugumizi kidogo, na kigugumizi hicho kitoweke unapoingia kwenye mti. Ukilia kwa sauti nyembamba iliyonyooka hata bila mzigo, huo una njaa ya petroli, na huzimwa palepale.

Wapasua mbao wana hali yao. Kuangusha msindano ni kazi ya muda mfupi, halafu mashine inapumua. Kupasua gogo kwa urefu ni resi kamili dakika baada ya dakika, kufuata nyuzi za mti, na hapo oili hubeba mzigo kuliko mahali pengine popote. Wengi wao hutumia 40 kwa 1 ya oili nzuri, wakarekebisha skrubu, wakabaki hapo hapo. Naona wako sahihi. Zipo oili zinazouzwa kwa ahadi ya mia kwa moja. Kwa kazi ya kupasua, singeziweka kwenye tanki.

Ushahidi husomwa baadaye. Plagi hufunguliwa: rangi ya chai ya maziwa ni njema, nyeupe ni joto, nyeusi yenye unyevu ni oili au petroli iliyozidi. Kisha ekzosi hutolewa, kamba ya kuwashia huvutwa taratibu hadi pistoni ionekane tunduni. Upande huu ndio wenye joto kuliko wote, na mikwaruzo huanzia hapa. Pistoni iliyolishwa vizuri bado ina mistari myembamba ya mashine ya kiwandani, na ringi zinacheza zikibonyezwa kwa kijiti. Fundi akiona hivyo, hufunga ekzosi na kuchanganya dumu linalofuata kwa kipimo kilekile.