Nani Alimshusha Shetani Msalabani?

Nilipoisoma Shetani Msalabani mara ya kwanza, chuoni, nilizipigia makofi risasi za mwisho. Wariinga anatoa bastola na kumuua yule mzee tajiri wa Ngorika, aliyempa mimba akiwa msichana wa shule kisha akamtelekeza. Safi sana, nikasema. Hesabu imefungwa.

Mwezi huu nimeirudia, na safari hii risasi zile zimenikwama kooni.

Shida ni kwamba Ngũgĩ wa Thiong'o mwenyewe ameshatuonya, tena mapema kabisa. Katika ndoto ya Wariinga, watu waliovaa matambara wanamtundika Shetani msalabani. Haki imetendeka, si ndiyo? Baada ya siku tatu wanakuja wenye suti na tai, gizani, wanamshusha. Kisha wanampigia magoti wakimwomba awagawie ujanja wake. Mimi sijaona picha kali kuliko hii katika riwaya ya Kenya. Mwue mwovu, waache wanaomwabudu, Jumatatu yuko kazini.

Ngũgĩ hakuwa mtu wa kanisa. Mwaka 1970 aliwaambia Wapresbiteri wazi kwamba yeye si Mkristo. Lakini riwaya hii, aliyoiandika kwa Kigĩkũyũ kwenye karatasi za chooni katika gereza la Kamiti, imeshiba Biblia kuliko mahubiri mengi ninayoyasikia. Ndiyo maana naona ni halali kuipima kwa Ufunuo wa Yohana. Sura ya 5, Yohana anaambiwa Simba ameshinda. Akitazama, anaona Mwanakondoo, tena aliyechinjwa. Sura ya 19, mpanda farasi anatokea na vazi lenye damu kabla vita havijapiganwa, na upanga wake unatoka kinywani. Wapo wafafanuzi wanaosema damu ile ni yake mwenyewe, nami niko upande wao. Aliyeshinda ni aliyeuawa. Na hukumu inapokuja, sura ya 20, vitabu vinafunguliwa na matendo ya watu yanasomwa.

Kwa kipimo hicho, hukumu ya kweli katika riwaya hii ni yale mashindano ya wezi katika pango la Ilmorog. Pale wanyang'anyi wanapanda jukwaani na kujisifia wizi wao mmoja mmoja. Wanajifungulia vitabu wenyewe! Nilicheka, halafu nikaogopa. Yule mzee wa Ngorika, kinyume chake, anasomewa mashtaka faraghani, wakiwa wawili tu.

Hata hivyo Wariinga ananibana. Sura ya 6 ya Ufunuo inao waliochinjwa, wako chini ya madhabahu, wanauliza mpaka lini. Wanapewa mavazi meupe na kuambiwa wangoje kidogo. Mimi nimeripoti habari za mahakamani miaka kadhaa. Nimemwona mama akitoka na kesi iliyoahirishwa mara ambazo hata yeye ameacha kuzihesabu, huku mshtakiwa anampita mlangoni akicheka na simu. Haya, wewe mwambie huyo mama habari za mavazi meupe.

Kwa hiyo simlaumu Wariinga kwa kuchoka kungoja. Ninachokataa ni kuambiwa, kama nilivyojiambia nikiwa mwanafunzi, kwamba risasi zile ni ushindi. Yeye mwenyewe haamini hivyo. Anaondoka bila kugeuka nyuma, akijua mapambano magumu zaidi yako mbele, na nyuma yake anaacha nyumba iliyojaa wageni wa tabaka lilelile la marehemu.