Hamza Wawili: Kiwewe, Pepo na Sarufi ya Maumivu katika Haini na Afterlives

Ikisiri

Makala haya yanazisoma kwa pamoja riwaya ya Adam Shafi, Haini (2003), na ya Abdulrazak Gurnah, Afterlives (2020), ili kuangalia jinsi kila moja inavyoyashughulikia mabaki ya tukio la kutisha ndani ya mtu na ndani ya nyumba yake. Hoja yetu ni kwamba neno "kiwewe", ambalo uhakiki na tiba vimelipokea kama jina la maradhi, hutaja kishindo cha tukio kuliko marejeo yake; na kwamba sarufi ya kupandwa na pepo imehifadhi jambo ambalo istilahi hiyo imeliacha, yaani uwezekano wa kusema na kile kinachomsumbua mgonjwa. Makala yanaonyesha pia mahali ambapo sarufi hiyo inashindwa.

Utangulizi

Miaka michache iliyopita, nikiwa likizo nyumbani Kilindoni, mzee mmoja jirani aliniletea karatasi nimsomee. Mzee huyo alikuwa nahodha. Alinusurika chombo kilipozama usiku baina ya Nyamisati na Mafia, na tangu hapo hakupanda chombo tena, hata mtumbwi. Wanawe walichanga nauli ya ndege ili apelekwe hospitali ya bara, kwa kuwa hakuwa akilala na mchana alikuwa akishtuka kwa mlango kujibamiza. Nyumbani walisema amekumbwa. Karatasi ya hospitali ilisema ana "msongo wa mawazo". Nilipomsomea, alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza, "Mawazo yapi, mwanangu? Mimi siwazi. Mimi naona."

Sina sababu ya kumlaumu aliyeandika karatasi ile; alitumia msamiati uliokuwepo. Lakini jibu la mzee ni sahihi kuliko utambuzi wenyewe. Maradhi ambayo Shirika la Madaktari wa Akili la Marekani liliyaingiza katika mwongozo wake mwaka 1980, baada ya shinikizo la maveterani wa vita vya Vietnam na madaktari waliowatetea, hayatofautishwi na huzuni au wasiwasi kwa wingi wa mawazo. Yanatofautishwa kwa tukio kurudi likiwa hai: mgonjwa huliona, hulisikia, hulinusa. Kwa Kiswahili, -waza na -ona ni vitenzi viwili ambavyo hakuna mzungumzaji anayevichanganya. Istilahi iliyomfikia mzee ilimwambia kwamba anafanya asilolifanya.

Sisi wa idara za fasihi tumeepuka "msongo wa mawazo" na tumechagua "kiwewe". Tunayo "nadharia ya kiwewe", tunazo tasnifu za kiwewe, na wanafunzi wetu wanalitumia neno hilo kwa ujasiri unaonitia mashaka. Ndilo ninalotaka kulipima hapa.

Neno lenyewe

Katika matumizi ya kawaida kiwewe ni hali ya mtu aliyepotewa na la kufanya kwa hofu au mshangao. Mwizi anaposhtukizwa hushikwa na kiwewe. Mama anayesikia mlio wa ajali barabarani huingiwa na kiwewe. Dakika kumi baadaye kimekwisha. Neno linataja tukio na mshtuko wake, halitaji miaka inayofuata. Tunapoliita gonjwa la miaka ishirini kwa jina la hali ya dakika kumi, tumeongeza maana kwa amri, na mzungumzaji hajatufuata.

Hata hivyo neno hili lina jirani ambaye wanaistilahi hawakumtazama. Kitenzi -weweseka humaanisha kusemasema ovyo usingizini au katika homa kali. Kufanana kwa -wewe- katika maneno haya mawili kunanifanya niamini kuwa yana mzizi mmoja, ingawa ushahidi wa kihistoria wa jambo hilo unahitaji makala yake. Kinachotosha hapa ni mgawanyo wa kazi: kiwewe ni cha mchana na cha tukio, kuweweseka ni kwa usiku na ni kwa kurudia. Lugha ilikuwa nayo nusu ya pili ya maradhi, nasi tukachukua nusu ya kwanza peke yake.

Uhakiki wa Magharibi uliotuletea nadharia hii, hasa Caruth (1996), unashikilia kwamba tukio la kutisha halishikiki linapotokea, na kwa sababu hiyo hurudi bila kualikwa wala kueleweka. Kutoka hapo wafuasi wengi wamefikia kauli kwamba kiwewe hakisemeki. Wako waliopinga, kama Craps (2013), kwamba nadharia hiyo ilijengwa juu ya historia ya Ulaya na kutandazwa juu ya wengine. Mimi napinga kwa sababu ndogo zaidi, ya kiisimu: "hakisemeki" ni kauli inayohitaji kutaja lugha. Hakisemeki kwa sarufi ipi?

Hamza wa Shafi

Haini inatokana na yaliyofuata kuuawa kwa Rais Abeid Amani Karume tarehe 7 Aprili 1972. Mamia walikamatwa, kesi ya uhaini ilikuwa na washtakiwa 81, baadhi yao wakiwa Bara na hawakufikishwa mahakamani Zanzibar. Shafi mwenyewe alikuwa miongoni mwa waliowekwa kizuizini. Mhusika wake mkuu, Hamza, hupitia gereza, mahojiano na mateso ambayo msomaji hasamehewi kuyaona.

Kwa zaidi ya miaka kumi niliifundisha riwaya hii kama riwaya ya siasa, na wahakiki wengi wameisoma hivyo: nani hasa ni haini, mtawala au mtawaliwa? Ni swali zuri. Lakini lilitupitisha haraka juu ya mwili wa Hamza kwenda kwenye hoja. Tuliyatumia maumivu yake kama ushahidi wa udhalimu wa dola, kisha tukamwacha pale pale sakafuni.

Tukimrudia, jambo la kwanza linaloonekana ni kwamba hakuna lisilosemeka. Riwaya inasema, tena kwa utaratibu: nani alifanya nini, kwa kutumia nini, kwa amri ya nani. Anayeshindwa kusema katika Haini hashindwi kwa sababu tukio limepita uwezo wa lugha. Anashindwa kwa sababu lugha yake imetekwa. Katika chumba cha mahojiano kila sentensi imekwisha andikwa kabla hajafungua kinywa; anachotakiwa ni kukiri tu. Neno "haini" lenyewe ni nomino ya mtenda, na anabandikwa nayo mtu ambaye, katika kila sentensi ya mateso, ni mtendwa. Kugeuzwa huku kwa sarufi ndiko jeraha ninalolisoma katika riwaya hii, na ndilo linaloeleza kwa nini mtu wa namna hii, akiachiwa, hawezi tu kukaa barazani na kusimulia. Kusimulia kumefanana mno na kukiri.

Upungufu wa Haini, kwa maoni yangu, ni kwamba uzito wake umewekwa ndani ya kuta. Waliofungwa katika kesi ile waliendelea kutoka hadi mwaka 1978, wakarudi katika nyumba zenye watoto waliokua bila wao. Riwaya ya miaka hiyo ya baadaye, ya baba anayeamka usiku akidhani anaitwa, bado hatunayo kwa Kiswahili kwa ukubwa unaostahili.

Hamza wa Gurnah

Tunayo kwa Kiingereza. Hamza wa Afterlives ni askari wa jeshi la Wajerumani katika vita vya 1914 hadi 1918, vita ambavyo Mafia inavikumbuka kwa namna yake: Waingereza walikitwaa kisiwa Januari 1915, na ndege zilizoongoza mizinga dhidi ya manowari Königsberg katika delta ya Rufiji mwezi Julai mwaka huo ziliruka kutoka hapa. Hamza huyu anarudi pwani akiwa na jeraha la nyonga, anaoa, anafanya kazi, na usiku anapiga kelele usingizini. Anaweweseka. Hakuna anayemwita mgonjwa. Mazungumzo juu ya vita anayaruhusu kidogo kidogo, tena na mkewe, Afiya.

Anayeugua waziwazi ni mtoto. Ilyas mdogo amepewa jina la mjomba wake, kaka wa Afiya, aliyekwenda vitani kwa hiari na hakurudi. Mtoto anaanza kusikia sauti ya mwanamke, na sauti hiyo inamtafuta Ilyas. Anaitiwa mganga wa pepo, na kinachohitajika ili mtoto apone kinakuja kuwa ni habari: mjomba yuko wapi? Jibu linapatikana miaka mingi baadaye, Ujerumani, katika nyaraka: Ilyas alifia katika kambi ya mateso ya Sachsenhausen mwaka 1942.

Wahakiki walioisoma sehemu hii kama utamaduni wa kienyeji uliotiwa kuipamba riwaya wameikosa. Muundo wa kitabu kizima umetundikwa juu yake. Pepo anauliza swali la kihistoria, na nyaraka ndizo zinazomjibu.

Nani anaweza kuitwa "wewe"

Hapa ndipo isimu inapokuwa na la kuchangia. Kiswahili husema "ameshikwa na kiwewe", "ameshikwa na homa", "amepandwa na pepo". Zote ni tendwa zenye "na", na mgonjwa katika zote si mtenda. Tofauti iko katika upatanisho. Kiwewe "kimemshika", homa "imemshika", lakini pepo "amempanda". Pepo huchukua upatanisho wa viumbe wenye uhai. Na kiumbe mwenye uhai katika lugha hii anaweza kuwa nafsi ya pili. Ndiyo maana katika uganga wa pwani swali la kwanza haliendi kwa mgonjwa. Linakwenda kwa aliyempanda: wewe nani, umetoka wapi, wataka nini? Hakuna anayeiuliza homa inataka nini.

Pat Caplan, aliyeanza utafiti wake kaskazini mwa Mafia mwaka 1965, ametuandikia mengi juu ya pepo wa nchi kavu na wa baharini, na katika kitabu chake cha 1997 ameweka shajara ya mtu wa kijijini, iliyoandikwa kwa Kiswahili. (Tunaisoma humo kwa Kiingereza. Mwanaisimu anayetaka kuona viambishi vya upatanisho hubaki na njaa.) Kinachojitokeza katika maandishi ya aina hiyo ni kwamba maradhi ni mazungumzo yenye pande zaidi ya mbili: mgonjwa, mganga, ndugu, na mgeni aliyekuja bila kualikwa. Istilahi ya "mgonjwa wa kiwewe" inayapunguza yote hayo kuwa mtu mmoja na kitu alichonacho.

Nisieleweke vibaya. Sarufi hii ina gharama, na Haini inaionyesha kwa ukali. Ukisema amepandwa na pepo, nafasi ya mtenda imeshajazwa; aliyempiga, aliyeamuru apigwe na aliyeweka sahihi wametoka katika sentensi. Dola ingefurahi sana kama wafungwa wote wa mwaka 1972 wangerudi majumbani wakiwa na pepo. Katika riwaya ya Shafi pepo hawezi kuingia kwa sababu swali la nani alitenda lazima libaki wazi. Gurnah anaukwepa mtego huu kwa kumfanya pepo mwenyewe awe ndiye anayeuliza juu ya aliyepotea, na hivyo kutuelekeza kwa watenda badala ya kuwaficha. Si kila pepo wa kisiwani kwetu ana tabia hiyo njema. Na ndugu anayengojea ngoma mwezi mzima wakati mgonjwa anakataa kula anahitaji kuambiwa aende hospitali.

Tiba zenyewe zimekwisha sogea karibu na jambo hili kuliko uhakiki wetu. Katika kambi ya Nakivale, Uganda, wakimbizi waliofunzwa kwa muda mfupi waliwasaidia wakimbizi wenzao wa Rwanda na Somalia kwa njia ya masimulizi: mgonjwa hunyoosha kamba chini, huweka maua palipokuwa na jema na mawe palipokuwa na baya, kisha husimulia maisha yake tangu mwanzo akiandamana na kamba hiyo. Moshi na Bungoma, majirani wasio wataalamu walifunzwa kuwahudumia watoto yatima kwa mazungumzo, katika utafiti wa watoto 640 uliochapishwa mwaka 2020. Katika njia hizi zote mbili aliyeumia husaidiwa kulisema tukio mbele ya mtu asiyemhoji. Kwa Hamza wa Shafi sharti hilo la mwisho ndilo zito kuliko yote: msikilizaji asifanane na mpelelezi. Fomu yenye maswali ishirini ya ndiyo na hapana, iliyotafsiriwa bila kuangalia nani anauliza na kwa nafsi ipi, inaweza kumrudisha kule kule.

Juu ya istilahi

Nilipoanza kuandika makala haya nilikuwa na pendekezo: tutumie kitenzi -rejewa. "Amerejewa na ajali", "anarejewa na vita". Kitenzi kina utendwa, kina "na", na kinataja marejeo. Nilikipeleka kwa mzee wa Kilindoni, nikamsalimu, nikamweleza. Alinisikiliza kwa adabu yote inayostahili mtu aliyesoma. "Hairejei, mwanangu," alisema. "Itarejeaje na haijaondoka?"

Nimekiacha kitenzi hicho katika rasimu yangu ya fomu ya mahojiano, lakini kwa swali la tano tu, lile la ndoto. Kwa swali la kwanza nimeandika: "Je, bado unaona?"